Nani Afungue Kamba ya Shekalaghe?

Sogeeni karibu, ila msiache kupukuchua mahindi, maana masikio hayana kazi na mikono. Na tuelewane kabla sijaanza: hadithi hii sina jibu lake mfukoni. Mara ya mwisho nilipoisimulia, mtu na mkwewe waliondoka bila kuagana. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilishikilia jibu moja, mwaka uliofuata nikashikilia jingine, na leo sijui nashikilia nini. Atakayenicheka asubiri afike mwisho.

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi kuzungumza, ni zamani ya juzijuzi, watu walipokuwa wakianika betri za redio juani ili zipate nguvu, palikuwa na kijiji mlimani kiitwacho Kwemkole. Juu ya kijiji palikuwa na msitu. Ndani ya msitu palikuwa na mmea usiofanana na mimea mingine. Haukuwa na jani hata moja. Haukuwa na ukijani hata kidogo. Mwaka mzima ulikaa ardhini kimya, na ardhi ikishiba masika ulichomoza kishina cheupe chenye ua la zambarau, ukakaa siku chache, ukarudi ulikotoka. Watu wa Kwemkole waliuita mwali, kwa sababu mwali naye hukaa ndani, hutolewa akiwa amependeza, watu wakamtazama, basi.

Mwali wa msituni alitazamwa tu, hakuguswa. Na aliyemwona hakusema amemwona wapi.

Tena palikuwa na sheria. Mwali akifa kwa mkono wa mtu, mtu huyo hufungwa kamba ya gome la mti kwenye kifundo cha mkono, na mwenye kamba haingii msituni. Haingii kuokota kuni, haingii kuchota maji ya chemchemi, haingii hata kumtafuta mbuzi wake aliyepotea. Na kosa hilo halina ubia, mkosaji ni mmoja tu. Walisema kwamba zamani watu watatu waligawana kosa la namna hiyo, kila mmoja akadhani wenzake ndio wamebeba pande kubwa, kosa likabaki limelala njiani na wapita njia wakawa wanajikwaa. Tangu hapo wakasema: kosa moja, mtu mmoja.

Haya. Siku moja akaja mgeni. Jina lake Hosiana, mtafiti wa mimea kutoka mjini, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kiume na mzigo mgongoni. Kazi yake ilikuwa kutafuta mimea ya porini, kuikausha na kuipeleka kwenye nyumba moja kubwa ambamo mimea ya nchi nzima imelazwa makabatini, mikavu, kila mmoja na jina lake. Humo ndani alikuwa amemwona mwali, mmoja tu, aliyekaushwa na mtu aliyekwisha kufa, amekuwa kahawia kama tumbaku. Wenzake walimwambia, "Hosiana, hicho kitu kimeshatoweka duniani. Tafuta kingine." Yeye akasema hakijatoweka. Wakamcheka. Mtu akichekwa hivyo hupata miguu mipya, naye akapanda milima mingi mpaka akafika Kwemkole.

Akawaonyesha watu mchoro wa mmea ule. "Shikamoo, baba, mmea huu unaufahamu?"

"Marahaba. Siufahamu."

"Shikamoo, mama, na wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Sijapata kuuona."

Kijiji kizima hakikuufahamu. Walivyokuwa wakiutazama ule mchoro kwa kuiba, kisha wakitazama pembeni haraka, hata kipofu angejua kwamba wanaufahamu.

Hosiana akaingia msituni peke yake. Akatafuta kutwa, akarudi. Akatafuta tena, akarudi. Miiba ikamchana, ruba wakamnywa damu, na alasiri moja akakaa katikati ya njia akalia kwa sauti, akidhani hakuna anayemsikia. Lakini Shekalaghe alimsikia.

Shekalaghe alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilining'inia katika bonde moja la msitu huo, na chini ya mizinga ndipo mwali alipokuwa akitoka kila masika. Baba yake alimwapisha kabla ya kufa: usimwonyeshe mtu mahali hapa. Sasa amsikie mgeni analia, afanye nini? Alisimama kwanza. Alikuna kichwa. Kisha akampita yule mwanamke pale chini, hakusema neno, ila akakohoa. Na alipofika mbele kidogo akakohoa tena. Hosiana akafuta machozi akamfuata.

Ndiyo, wewe unayetikisa kichwa, najua unachotaka kusema. Je, kukohoa ni kuonyesha? Ngoja kwanza.

Walipofika bondeni, Shekalaghe akapanda mtini kwenye mizinga yake kama mtu asiyejua lolote. Hosiana akatazama chini, na mwali alikuwa pale. Mwaka ule alitoka mmoja tu, mwenye mashina mawili: moja ua lake limekomaa na limeanza kubeba mbegu laini kama vumbi, jingine bado bichi. Kando yake kilikuwapo kichaka kimoja cha miiba, kibaya, kisicho na faida kwa mtu. Hosiana akapiga magoti. Alicheka na kulia kwa pamoja, furaha ikamzidi nguvu.

Sasa, watu wa kazi ile nao wana sheria yao. Mmea usiokaushwa ukalazwa kabatini ni maneno matupu, hakuna atakayeamini. Lakini ukiukuta ni mmoja, usiung'oe. Kata sehemu, uache mzizi. Hosiana akatoa kisu, akakata lile shina lililokomaa, akaliacha bichi na mzizi wake. Akalilaza kwenye magazeti, akayabana kwa mbao mbili, akakaza mikanda.

Shekalaghe alikuwa juu ya mti. Aliona kisu. Alinyamaza.

Mpakani mwa msitu palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Bi Rehani. Huyu alikuwa bingwa wa kupalilia Kwemkole nzima. Shamba la Bi Rehani ungeweza kumwaga wali chini ukaula. Mvua ilimkuta Hosiana hapo, magazeti yakalowa, akaomba kujikinga. Akabadilisha magazeti, maana mmea ukilala kwenye karatasi mbichi huoza, na yale yaliyolowa akayatupa kwenye jalala nyuma ya jiko la Bi Rehani. Kisha, kwa kuwa siri ilikuwa imemjaa mpaka kooni, akamweleza yule mama kila kitu, na bonde lenyewe akamwelekeza.

"Mama, nakuomba. Nitarudi kuchukua mbegu za lile shina lililobaki. Mtunze mwali yule kama mwanao."

Bi Rehani akapeleka macho chini. Alijua mwali haguswi. Lakini kutunza ni kugusa? Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Nenda salama."

Kuna jambo Hosiana hakulisema. Mwali hana jani, kwa hiyo hawezi kujipikia. Anakula kwa jirani: mzizi wake umeshika mzizi wa kile kichaka cha miiba na kunyonya humo. Hosiana alilijua hilo vizuri sana. Hakulisema kwa sababu mvua ilikuwa inakatika na alikuwa na haraka, tena kwake lilikuwa jambo la wazi mno, hata hakukumbuka kwamba kuna mtu asiyelijua.

Bi Rehani akaenda bondeni na jembe lake. Akamkuta mwali yu katikati ya majani, na kichaka cha miiba kimemwinamia. Moyo ukamuuma. "Maskini, mwanangu, wamekusonga." Akapalilia. Aling'oa majani yote. Aling'oa na kile kichaka, mizizi yake na udongo wake, na kwa kuwa hakuacha takataka kwenye kazi yake hata siku moja, akavibeba vyote kichwani akavitupa jalalani kwake. Kisha akarudi na samadi ya mbuzi, akaweka. Akapaona pazuri.

Mwali akalala upande. Akawa mweusi. Akaisha.

Hosiana aliporudi kuchukua mbegu alikuta udongo mtupu uliofagiliwa. Kilio chake safari hii kilisikika mpaka kijijini, na hapo hapakuwa tena na siri. Zumbe, yaani mkuu wa kijiji, akaita watu kwenye uwanja wa ghala la viazi. Zumbe huyu msimfikirie kama wale wazee wenye hekima wa hadithini. Alikuwa mtu wa kuduwaa, mvutaji ugoro, na jambo likiwa gumu alipiga chafya ili apate muda.

"Mwali amekufa," akasema. "Nani kamuua?"

Bi Rehani akasimama. "Si mimi. Mimi niliambiwa nimtunze kama mwanangu. Wanangu mimi nawaacha wamezama kwenye magugu? Kama alikuwa anakula kwa jirani, kama Hosiana asemavyo leo, kwa nini sikuambiwa? Mwenye kosa ni aliyemkata kwa kisu, akamwacha na jeraha."

Hosiana akasimama. "Si mimi, wazee wangu. Mimi nilikata shina moja nikaacha moja, na mzizi sikuugusa. Mmea ukikatwa hivyo haufi. Amekufa kwa sababu amenyang'anywa chakula chake. Mwenye kosa ni jembe."

Wote wawili wakamgeukia Shekalaghe. "Na tungefikaje pale bila wewe?"

Shekalaghe akasimama. "Si mimi. Mimi sikushika kisu, sikushika jembe. Nilikuwa naenda kwenye mizinga yangu. Njia ni ya watu wote, na kikohozi si ulimi."

Zumbe akapiga chafya. Watu wakagawanyika: hawa kisu, hawa jembe, wale miguu ya Shekalaghe. Wakabishana mpaka jua likawa upande wa pili. Mtu mmoja akasema wafungwe wote watatu, akazomewa, kwa kuwa kosa halina ubia. Na kamba ilikuwa imeshasokotwa, iko pale mkononi mwa Zumbe, lazima iende kwa mtu.

Ndipo Shekalaghe akamtazama Bi Rehani, mjane, kuni zake na maji yake vyote viko msituni. Akamtazama Hosiana, ambaye bila msitu hana kazi. Akaitazama ile kamba. Akanyoosha mkono.

"Nifungeni mimi."

"Unakiri kuua?"

"Sikiri. Nabeba."

Zumbe akatoa macho. "Shekalaghe, fikiri. Ukibeba kosa lako mwenyewe, kamba haifunguliwi mpaka kaburini. Ukibeba la mwenzio, itafunguliwa na mwenye kosa, kwa mkono wake, siku atakayokiri. Na mkono usio wake ukiifungua, ni bure. Ukiingia msituni, msitu hautakurudisha. Sasa sema. Unabeba lako au la mwenzio?"

"La mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Mwenyewe anajijua."

Akafungwa. Bi Rehani akatazama kucha zake. Hosiana akatazama viatu vyake. Hakuna aliyesogea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile watu wa Kwemkole waliuona mzigo wa Shekalaghe mwepesi kweli, wakaenda nyumbani kupika.

Mwenyewe hakuuona mwepesi. Alifuga nyuki tangu utotoni, hakujua kazi nyingine. Sasa alisimama ukingoni mwa msitu kila asubuhi akisikiliza. Nyegere aliingia bondeni akavunja mzinga mmoja, Shekalaghe akasikia kishindo, hakuweza kwenda. Akavunja wa pili. Nyuki wakatawanyika. Shekalaghe aliona uchungu, na aliponyanyua mkono kufuta uso ile kamba ilimkwaruza shavu. Watu walimpa pole. Pole hazifungui kamba.

Hosiana alirudi mjini, mwali wake mkavu akalazwa kabatini. Bi Rehani aliendelea kupalilia, ila watu waligundua kwamba siku hizi hupalilia akijisemea.

Masika mengine yakaja. Asubuhi moja Bi Rehani akaenda jalalani kumwaga majivu, akaachia ungo. Kile kichaka cha miiba alichokitupa kilikuwa kimeshika mizizi pale kwenye takataka, kimechipua. Na chini yake, kati ya maganda ya ndizi na vipande vya magazeti vilivyooza, alikuwa amechomoza mwali. Hakuwa mmoja. Walikuwa wengi, weupe, na maua yao ya zambarau, kama kwamba pamefanyika sherehe.

Kijiji kikakusanyika. Hosiana akaitwa, akaja mbio. Zumbe akapiga chafya mara tatu, kisha akakumbuka neno la zamani ambalo halikuwa limewahi kutumika: aliyemtoa mwali kwake, mwali akaota kwingine, huyo ndiye mlezi wake. Atakaa mbele kwenye kila baraza. Hakuna atakayemtazama mwali bila ruhusa yake, hata mtafiti, hata Zumbe.

"Basi," akasema Zumbe, "nani alimtoa mwali kule bondeni?"

Bi Rehani akaruka. "Ni mimi! Niling'oa kichaka na mizizi yake na udongo wake, na kipande cha mwali kilikuwa humo, hai. Nilimbeba kichwani hapa mpaka hapa. Huyu ni yuleyule. Jembe langu ndilo lililomtoa. Kosa ni langu! Lete kamba niifungue."

Hosiana naye akaruka. "Ni mimi! Mama, kipande kile kingeoza. Shina nililokata lilikuwa na mbegu, zikadondoka kwenye magazeti, na magazeti niliyatupa papa hapa kwa mkono wangu. Hawa ni watoto wa yule niliyemkata. Kisu changu ndicho kilichomtoa. Kosa ni langu! Lete kamba niifungue."

Mnaona? Kosa lilelile lililokuwa likirushwa kama kaa la moto, leo linagombewa.

Watu wakamgeukia mtafiti wakamtaka aape kwa elimu yake: ni kipande au ni mbegu? Hosiana akachuchumaa karibu na maua. Alitaka sana kuwa mlezi. Lakini hakuwa mwongo. "Sijui," akasema. "Inaweza kuwa mbegu. Inaweza kuwa kipande. Nikichimba nitazame mizizi, nitaua ninachokitazama."

Shekalaghe alikuwa amesimama nyuma ya watu. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya wale wanawake wawili, akanyoosha mkono wenye kamba. Gome lilikuwa limekuwa jeusi kwa jasho.

"Siku ya aibu nilinyoosha mkono huu, dada Rehani ukatazama kucha. Mwanangu Hosiana, ukatazama viatu. Leo mikono minne inaitaka kamba. Sitaki kuwa mlezi. Nataka kwenda kuona kama nimebakiwa na mzinga hata mmoja. Niambieni tu, mwaka mzima nilimbebea nani? Maana mkono usio wake ukinifungua, nitaingia msituni na sitarudi."

Bi Rehani akashika ncha moja ya kamba. Hosiana akashika ncha ya pili. Kila mmoja akasubiri mwenzake aachie, na hakuna aliyeachia.

Ndipo Zumbe, ambaye tangu nizaliwe sijasikia kwamba aliwahi kusema jambo la maana, akasema polepole, "Na kama ni miguu yako, Shekalaghe? Kama usingekohoa, kisu kingefika? Jembe lingefika? Uliapishwa na baba yako. Ulikuwa juu ya mti, uliona kisu, ulinyamaza. Je, kama ulikuwa unabeba lako mwenyewe?"

Shekalaghe akafungua mdomo kusema lile neno lake, "La mwenzangu." Halikutoka. Akaitazama kamba kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Zumbe," akasema, "mwaka jana nilijua. Leo sijui."

Mkono wake haukurudi chini. Wanawake wawili hawakuachia kamba. Mimi nawaacha hapo hapo, kwa sababu kila nikijaribu kuwasogeza mbele naona aibu mbele ya mmoja wao. Nikisema ni jembe, Bi Rehani anaifungua, anakuwa mlezi, na kama nimekosea nimempeleka mtu msituni akafie huko. Nikisema ni kisu, ni vilevile. Nikisema ni miguu, mtu mwema anakwenda na kamba yake mpaka kaburini, kwa kosa la kumhurumia mgeni aliyekuwa akilia njiani.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka na nyinyi mliokuwa mkitikisa vichwa, semeni sasa, na msiseme wote kwa pamoja. Kisu kilimkata, jembe lilimpalilia, miguu ilimfikia. Je, ni mkono wa nani uliostahili kuifungua kamba ile?